Herufi ya Mwisho

Zege halisubiri mtu.
Fundi Mbelwa amekwisha kulisawazisha kwa mwiko,
ananinyooshea msumari wa inchi nne:
"Andika wewe, mjukuu. Mimi jina hili silijui."

Nami nina karatasi nne, majina manne.
Cheti cha ubatizo, wino wa zambarau: Chantal.
Kadi ya kura: Shantari.
Daftari la kliniki ya presha: Shanta Ali,
kana kwamba Ali alikuwa mtu, na mtu huyo ni mumewe.
Na kitabu cha kwaya, mkono wake mwenyewe,
herufi zimelala kama mihogo walikopita nguruwe:
Shantali.

Hatukumuuliza. Alijibu bila kuulizwa:
jina langu maana yake wimbo.
Sista mzungu aliyemzalisha mama yake pale Misheni
alisema kwao kuimba ni shante,
na mtoto huyu alilia hadi mende wakahama.
Basi miaka arobaini na mitatu alisimama safu ya pili, sauti ya kwanza,
naye ana sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.
Mwalimu Hilarioni aliinamisha kichwa tu.
Nani angemwambia Wimbo asiimbe?

Juzi, matanga hayajaanuliwa, nikaenda Misheni kuuliza herufi.
Sista Ediltruda, aliyesoma huko kwao miaka sita,
akavua miwani, akaifuta, akanipa pole,
kisha akasema taratibu, kama anayetoa mwiba:
Si wimbo, mwanangu. Ni mahali.
Shamba la watu wakubwa, na nyumba yao.
Na kabla ya mahali palikuwa na jiwe,
jiwe tu, ambalo wakulima walishindwa kuling'oa
wakalilimia pembeni.
Unakwenda wapi? Naenda pale jiweni.

Jiwe likawa shamba. Shamba likawa ukoo.
Ukoo ukaoa binti, binti akafiwa na mume,
mjane akaingia utawani, watu wakamwita mtakatifu,
na jina la mumewe, jina la shamba, jina la jiwe,
likapanda meli, likateremka Bagamoyo
kutafuta kichwa cha mtoto chenye maji ya baraka.

Nilicheka pale pale, mbele ya Sista.
Kisha nikanyamaza.

Maana nyumbani hatukumwita Shantali.
Tulimwita Semeni, jina la bibi yake Mkwere,
na huyo Semeni hakusema.
Deni la dukani, mjomba alikokimbilia, uvimbe wake mwenyewe,
ukimwachia neno limekwenda chini ya kisima.
Mwaka ule ndugu walipotaka kuuza kiwanja cha Dunda
walikuja mara tatu na mwanasheria na muhuri.
Alikaa kizingitini na ungo wa choroko,
akitoa vijiwe, kimoja kimoja,
akivipanga pembeni ya unyayo wake.
Kiwanja kile kipo. Wamejenga kulia, wamejenga kushoto.
Walimlimia pembeni.

"Linakaza," anasema Fundi Mbelwa.

Ningeandika yote, lakini ubao ni futi mbili,
na jina la ukoo linahitaji nafasi, na tarehe mbili.
Nikapiga goti.
S, kwa sababu yeye hakuwahi kuandika C.
H, nikafuta mchanga kwa kidole. A, N, T,
A nyingine, imepinda kidogo, anisamehe.
L.
Hapo jina lao linakoma. Jiwe lao limefika.
Lakini kwetu neno haliachwi ulimi umegota kwenye ufizi.
Mtu fulani aliliongezea mlango, hatujui nani:
labda mama yake, akimwita kutoka jikoni
na ugali unaungua,
labda watoto wa dawati la nyuma.
Herufi hiyo moja haikuja na meli.

Nilipoifikia, zege lilikuwa limekwisha kuwa gumu.
Msumari ukateleza.
Fundi Mbelwa akanipa nyundo.